Wawira anatoka jasho akinyonya

Jumanne, mwezi wa saba. Makutano, hapa Meru, imeamka na ukungu na manyunyu. Nguo za mtoto ziko kwa kamba tangu Jumapili, hazikauki. Na mimi siko sawa. Nina hasira na naandikia kwa simu, kwa hivyo mkiona makosa mnisamehe. Shule niliachia darasa la sita.

Daktari anasema huenda Wawira ana tundu kwa moyo.

Kitinda mimba wangu, miezi saba tu. Na mimi nimekuwa nikisema tangu mwezi wa nne.

Nilisema hivi: anatoka jasho akinyonya. Ananyonya kidogo, anachoka, anaachilia titi, paji la uso limelowa kama mtu aliyepanda mlima na gunia la viazi. Hiyo tu ndiyo nilisema.

Daktari wa kliniki hakuuliza mambo ya jasho. Aliuliza nyumbani ni wapi. Nikasema nimezaliwa Gachoka, mimi ni Mmbeere, huku nimeolewa. Akacheka. "Aa, watu wa muguka! Mama akitafuna muguka mtoto atanenepa aje?" Benchi nzima ikacheka.

Na mimi nikacheka.

Hiyo ndiyo inaniuma kuliko yote. Muguka, yale majani ya kulevya kama miraa, nimechuma tangu utotoni, kutafuna sijawahi hata siku moja. Lakini nilicheka ili asikasirike, maana nilikuwa nataka amshike mtoto wangu vizuri.

Akaandika kitu kwa kijitabu cha kliniki. Ni Muthoni, binti yangu mkubwa, aliyenisomea nyumbani ule mwandiko mbaya: Uzito mdogo, mama anatumia muguka. Mwezi wa tano nilirudi. Nikakuta muuguzi, akafungua kijitabu, akasoma, akafunga. Wawira hakumgusa. Akamwambia mwenzake kwa Kimeru ati wanawake wa Mbeere wanajua kulea mbuzi kuliko watoto. Alidhani sisikii. Nimekaa Meru miaka kumi na sita!

Leo asubuhi jirani yangu Mama Kendi, mzaliwa wa hapa hapa, alinikuta jikoni nalia. Akavua aproni. "Twende. Leo wewe ni bubu. Shika mtoto, mdomo ni wangu."

Tukamkuta yule yule daktari. Mama Kendi akamsalimia kwa Kimeru, wakaulizana habari za kwao, kisha akasema, "Huyu mtoto anatoka jasho akinyonya."

Maneno yangu! Hakuongeza hata chumvi. Daktari akaweka kalamu chini, akachukua kile chombo cha kusikiliza kifua. Akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akarudi tena mbele. Halafu akauliza, "Mbona mlikaa naye nyumbani muda huu wote?"

Mama Kendi akasema, "Daktari, hebu fungua kijitabu."

Akafungua. Akaona mwandiko wake mwenyewe. Pole hakusema. Aliandika barua twende hospitali kubwa kesho asubuhi, na akaandika haraka sana.

Watu wa serikali walipokuja na kipaza sauti kutusajili kwa bima mpya ya afya, walituambia sasa kila Mkenya atatibiwa sawa. Nilipiga foleni nikasajiliwa. Kwa kompyuta niko na jina na nambari, kabila sina. Lakini jasho la mtoto halisikilizwi na kompyuta. Linasikilizwa na mtu, na huyo mtu anataka kwanza kujua nyumbani ni wapi. Hapo nani amerekebisha? Sanduku la maoni liko pale mlangoni kwa kliniki, kufuli yake imeota kutu.

Na niseme ukweli wote. Nikiwa msichana kule kwetu, mama wa Kikamba alikuja zahanati na mtoto, tukamcheka vile anaongea mpaka akaenda kukaa nje. Sikumbuki kama mtoto alitibiwa. Leo nimemfikiria siku nzima.

Muthoni anataka tuchane ule ukurasa kabla ya kesho, wasiusome. Nimekataa. Usomwe. Na wakiusoma nitawaambia umeandikwa na mtu ambaye hakuniuliza.

Naogopa. Nikisema vibaya na Wawira apuuzwe tena? Amelala hapa kifuani, moyo wake unakimbia kama wa kifaranga.

Mama Kendi amepita sasa hivi na chupa ya uji. Ati kesho nijitayarishe mapema, ataongea tena, nisiwe na wasiwasi.

Nimemwambia asante, mama, twende pamoja. Lakini kesho wewe ndiye utashika mtoto.

Mdomo ni wangu.