Kiti cha Pili cha Bosi

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, nakusoma kwa sababu ya ushauri na pia kwa sababu gazeti lenu ndilo ninalochorea vipimo kabla sijakata kitambaa, kwa hiyo shida za watu wengi nimezikata kwa mkasi, na leo zamu imenifikia. Nakuomba unijibu haraka maana kuna mtu anakuja Jumamosi kununua mashine yangu na mpaka sasa sijui nimpe au nimfukuze.

Mimi ni fundi wa mapazia, nashonea nyumbani chumba cha mbele, mume wangu ni fundi wa mageti, na tuna mtoto mmoja wa kiume anayekaribia miaka mitatu ambaye mtaa mzima unamwita Bosi, kwa sababu tukitoka yeye hupaza sauti "Pisha! Pisha!" mpaka watu wazima wenye heshima zao wanasogea pembeni. Sasa nina mimba ya miezi saba, namshukuru Mungu, wala sina malalamiko na mimba, malalamiko yangu ni kigari.

Kigari tulichonacho ni cha Bosi, tulimnunulia kabla hajazaliwa, kina kiti kimoja kinacholala na kuinuka, na nakuambia kweli humu ndani sina kifaa ninachokitumia kama hicho, hata mkasi haukifikii. Kichanga akija nitamlaza humo, sawa, na Bosi je? Nilimwambia Baba Bosi tununue kigari cha viti viwili, akanijibu, "Mama Bosi, yule mtoto ana miguu." Nikamwambia, "Hata wewe unayo, na bado unapanda pikipiki kwenda kununua kiberiti." Akachukua ufunguo wa pikipiki akaondoka.

Naomba usinione mtu wa kupenda vitu, mshauri, hebu angalia mwenyewe kigari kilivyo kidogo hata sasa kabla mtoto hajazaliwa. Juzi nilikuwa napeleka mapazia kwa daktari wa meno, na pazia likishapigwa pasi hulikunji ukalitia kwenye mfuko kama soksi, linalazwa, kwa hiyo nikakilaza kiti nikayapanga juu yake nikayafunga mkanda, Bosi akachukua ile pakiti yake ya ndoano za kutundikia ambayo haachi mtu mwingine aishike, ukimnyang'anya kilio kinafika mtaa wa pili, tukafika salama, lakini fikiria kama ningekuwa na kichanga ningemweka wapi? Jumapili tukaenda kwa wifi yangu, wakati wa kurudi akatufungia viazi mifuko miwili, mmoja ukakaa kwenye kigari, wa pili nikaushika mkononi na tumbo langu hili, na Bosi alipochoka ikabidi baba yake ambebe mabegani. Kigari hakitoshi. Anayesema kinatosha hajawahi kukisukuma.

Huyo wifi yangu ana mapacha wanaosoma darasa la pili, na kigari chao cha viti viwili bado anacho, akaniambia, "Wifi, chukua, ila unitunzie, na wanangu wakija kukutembelea uwaache wapande kidogo." Basi siku ya kukileta kikakwama mlangoni, maana viti vyake vimekaa ubavu kwa ubavu na korido yetu imebanwa na meza yangu ya kukatia. Mimi nikasukuma, wifi akavuta, Bosi akasema "Pisha!" na mwisho tukakitoa kinyumenyume kikaondoka na rangi ya mlango. Wifi akajifuta jasho akasema, "Si upunguze meza, wifi yangu." Nipunguze meza! Ndiyo inayotulisha.

Baba Bosi kuona nimenuna akajifungia karakanani kwake siku nzima, akarudi na kitu. Kiti cha chuma chenye magurudumu, cha kuunganishwa nyuma ya kigari, amekichomelea kutoka mabaki ya geti la mteja, pembeni kina maua, juu kina ncha za mikuki zile za kuzuia wezi, na amekipaka rangi nyeusi na dhahabu. Nikamwuliza, "Sasa Baba Bosi, mtoto anakaa humu au anafungwa humu?" Majirani walikuwepo, wakacheka, mmoja akauliza kufuli iko wapi. Baba Bosi akakifunika turubai, na tangu siku hiyo mazungumzo yetu ni "ndiyo", "hapana" na "chumvi iko wapi".

Ndipo nikaenda dukani mwenyewe. Kipo kigari chembamba, kiti kimoja mbele kingine nyuma, kwenye korido yetu kingepita bila kugusa. Muuzaji akanieleza, "Dada, kichanga anakaa mbele, mkubwa nyuma." Nikamwuliza huyo mkubwa huko nyuma anaangalia nini. Akasema kwa furaha kabisa, "Anaangalia kisogo cha kiti cha mdogo wake!" Mshauri, machozi yalinitoka palepale, mbele ya vyandarua vya watoto, nikasingizia vumbi. Mimi ni kifungua mimba. Siku mdogo wangu alipozaliwa niliambiwa "wewe sasa ni mkubwa", nikashushwa nilipokuwa nimebebwa, nikapewa ufagio ulionizidi urefu. Sitaki mwanangu aambiwe shuka. Sitaki awe na siku ya kukumbuka kwamba ndiyo aliyoshushwa.

Sasa kigari kile ni ghali na akiba yote ni ya kujifungulia, kwa hiyo nimeamua kuuza mashine ya ovaloki, ile inayofunga nyuzi kwenye kingo za kitambaa, najua bila hiyo nitashona kingo kwa mkono na wateja wa maofisini watanikimbia, lakini mtoto kwanza. Baba Bosi alipomwona mnunuzi anaikagua alisema sentensi yake ndefu pekee tangu mambo ya turubai, alisema, "Ukiuza hiyo, kwenye kigari utakuwa unasukuma nini?" Nikaona ni kejeli tu, nikaendelea na kazi yangu.

Niambie basi, ninunue au nisinunue?

Mama Bosi

* * *

Mama Bosi,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya foleni kwa ajili ya huyo mnunuzi wa Jumamosi. Yule msomaji mwenye mume anayekoroma anisamehe. Amevumilia miaka yote hiyo, gazeti moja halitamshinda.

Hongera ya mimba. Pole ya mlango. Sasa vuta kiti ukae, maana nitakusema kidogo.

Nilipomaliza kusoma barua yako niliirudia nikiwa na kalamu, namtafuta Bosi. Nilitaka kuona amekaa wapi. Nikaenda nanyi kwa daktari wa meno. Kwenye kigari wamelala wageni waheshimiwa, mapazia, wamefungwa mkanda wasije wakaanguka. Bosi anatembea na ndoano zake. Nikaenda nanyi kwa wifi. Kwenye kigari amekaa kiazi. Bosi yuko mabegani kwa baba yake, anaona mbali kuliko sisi sote. Mama wee, nimepekua karatasi mbele na nyuma, na huyo mtoto unayetaka kumuuzia mashine ili asipoteze kiti, hakuna mahali hata pamoja ulipomwandika amekaa kwenye kiti! Hebu weka sindano chini ukumbuke mwenyewe mara ya mwisho alipanda lini. Mimi nahisi ilikuwa bado anatafuna biskuti kwa fizi.

Unaogopa siku atakayoambiwa shuka. Alishashuka. Alishuka mwenyewe, bila hotuba wala ufagio, siku fulani ulipohitaji mahali pa kulaza pazia, na wewe ulikuwa na haraka ya mteja hukuona. Hakulia. Aliona mama ana mzigo, akachukua pakiti, akatangulia kukusafishia njia. Unamwandika kama abiria na mwenzio ni mfanyakazi. Kichanga akizaliwa, wenye haki ya kulalamika kwamba wamenyang'anywa kiti ni mapazia.

Na mume wako alikuambia. Alikuuliza utasukuma nini ukishauza mashine, swali zuri tena fupi, wewe ukaliita kejeli. Namlaumu na yeye, asidhani ameponyoka. Mtu akiona jambo kama hilo analisema lote, halitupi nusu kisha akaomba chumvi. Lakini alikuwa ameshachekwa mbele ya majirani kwa kazi ya mikono yake, na fundi aliyechekewa kazi huwa mgumu wa maneno. Wewe ungejisikiaje, jirani angesimama mbele ya pazia lako akauliza kama ni la dirishani au la kufunikia maiti?

Halafu yupo mtu mwingine kwenye barua yako ambaye hujamwuliza anataka nini, yule binti wa ufagio. Nakuelewa sana hapo, wala vumbi la dukani silicheki. Ila tuseme ukweli sisi wawili. Kile kiti cha pili unamnunulia yeye. Ni zawadi nzuri, tatizo amekua, ana meza ya kukatia na wateja wa maofisini, na kwa tumbo alilonalo sasa hatatosha. Usimuuzie mashine. Ukitaka kumfuta machozi, hakikisha tu lile neno aliloambiwa halirudiwi ndani ya nyumba yako. Usimwambie Bosi "wewe sasa ni mkubwa". Wageni wakimwambia, na watamwambia, waambie ana miaka miwili na ushee, kisha wape chai.

Kwa hiyo kigari cha viti viwili usinunue, cha mbele na nyuma wala cha ubavu kwa ubavu. Cha wifi mshukuru kwa moyo mmoja na ukiache hukohuko kwake, wale mapacha wa darasa la pili naona bado wana safari nacho. Kichanga atalala kwenye kigari kilichopo. Kioshe, kikague breki, ukikuta ndoano moja au mbili chini ya mto uzitoe kabla hazijamchoma.

Linalobaki ni mapazia, maana shida yako tangu mwanzo ilikuwa mzigo, ukaiita mtoto. Nenda ukafunue lile turubai. Wewe na majirani mlikuwa sahihi kwamba pale hapakai mtoto, lakini mwambie Baba Bosi ang'oe ile mikuki, arefushe kitako mpaka pazia lilale bila kujikunja, aongeze magurudumu kama hayatoshi, na maua ayaache, maua ni mazuri. Umepata toroli la mapazia ambalo hakuna fundi mwingine mjini analo. Aliunganishe nyuma ya ile pikipiki inayokwenda kununua kiberiti, na siku za mzigo mkubwa apeleke yeye, taratibu. Wewe ukishajifungua pumzika, usiniletee ujasiri wa kusukuma mapazia na mshono haujapona. Kabla ya kumpa kazi hiyo yote muombe radhi, na umwombe pale pale majirani walipocheka, kwa sauti ileile uliyoulizia. Akikujibu "ndiyo" tu, usikasirike. Mpe siku mbili, atafika kwenye sentensi.

Kuna asubuhi Bosi atamwona mdogo wake kajilaza kwenye kigari, atakumbuka kwamba kilikuwa chake, na atakitaka kwa kelele zote alizojaliwa. Usishtuke ukakimbilia dukani. Mpakate kichanga, mwache Bosi apande, azungushwe uani akiwa na miguu yake mirefu inayoburuza chini, mpaka achoke mwenyewe. Hatachelewa kuchoka. Mtu aliyezoea kuongoza msafara hakai muda mrefu akisukumwa.

Mnunuzi akibisha hodi Jumamosi, mkaribishe, mpe maji, mwambie mashine haiuzwi, kisha mwonyeshe vitambaa, huenda na yeye ana madirisha.

Na siku ya kwanza utakayomtoa mtoto nje, mlaze pale palipozoea kulala mapazia, mfunge mkanda, halafu mgeukie Bosi umwulize kama anataka kupanda yeye. Umwulize kweli, na usubiri jibu. Akisema anataka, mbebe mdogo wake, yeye apande, dunia haitasimama. Ila mimi naona atakutazama kama mteja aliyeletewa pazia la rangi isiyo yake, atadai pakiti yake ya ndoano, atapita mbele ya kigari, na wewe mwenyewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuambiwa "Pisha!"