Glasi Uliyomwaga

Mama, shikamoo. Ukirudi kutoka sokoni Mwaloni, maharage yako jikoni, chumvi bado. Maini nimempelekea jirani, Mama Chenge. ~~Sitayala tena.~~ Usikasirike.

Asubuhi ulimwaga glasi yangu ya dawa, ukasema mgonjwa wa selimundu hawezi kunyweshwa kitu cha kumpunguzia damu. Naandika maana ukishaanza kulia mimi sina pa kutokea. Ila haipunguzi damu, Mama. Kila damu ninayoongezewa inaacha chuma mwilini, na kikizidi kinaharibu ini na moyo. Dawa inakitoa polepole, wewe unakirudisha kwa sahani ya maini. Nikila maini namkosea daktari, nisipokula nakukosea wewe.

Kesho nitainywa mbele yako, kabla ya chai. Tafadhali usiiguse.

Halafu kuna majibu ya kipimo niliyokuficha. Chuma kilishuka, mara ya kwanza tangu nianze dawa. Daktari akafurahi, akauliza nyumbani tumebadilisha nini.

Nikamwambia mama alikuwa Geita, anamuuguza bibi.

Kifungua mimba wako,
Modesta