Pengo la Huko na Pengo la Huku

Kwako kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako, mdadisi hodari kuliko wote waliowahi kubeba madodoso ya takwimu nchi hii, na kwa sura pia sina mpinzani. U mzima? Shemeji na watoto hawajambo? Huku sote wazima, Mama anapiga deki chumba chako kila siku.

Umeandika kwamba gazeti la huko limesema pengo la matajiri na maskini ni dogo huku kwetu kuliko huko, kwa hiyo mwisho wa mwezi unaacha kazi kiwandani urudi na familia. Kaka, kwa heshima zote, nani kakuroga? Huko waliuliza mtu mmoja mmoja anaingiza kiasi gani. Huku tunauliza nyumba nzima imetumia nini kwa wiki. Tajiri ana tumbo moja kama wewe. Mkate wake unazidi wako siagi tu, pesa zilizobaki ziko benki, na huko dodoso halifiki. Ni kupima urefu wa watu wawili, mmoja kasimama juu ya kiti, mwingine kachuchumaa, halafu mnatangaza mshindi.

Nilimwambia hivyo msimamizi wangu mbele za watu. Akasema mimi niliyeishia kidato cha pili ninyamaze, wenye digrii wameshalipitia hilo dodoso. Nikamjibu kwamba digrii haijawahi kugonga geti la mtu. Ofisi nzima ikacheka, yeye akanuna mpaka jioni. Sijutii hata kidogo.

Ila kuhusu hayo mageti, kaka, kuna jambo sijamwambia mtu. Mtaa wa matajiri nilipewa nyumba nane, na sikuingia hata moja. Nilitakiwa niandike kwamba wamekataa, lakini mimi kushindwa sijazoea. Nikakaa na walinzi getini, nikawauliza wao maswali yote, nikawaandika wao kuwa ndio wakuu wa kaya. Nyumba yenye magari manne ikasomeka inashindia mkate mkavu. Nikasifiwa kwa kumaliza wa kwanza, nikawafundisha wenzangu wote ujanja huo.

Kwa hiyo kwenye namba inayokufungisha mizigo, mkono wangu umo. Usitie saini barua ya kuacha kazi. Kesho namweleza msimamizi. Akitaka kunifukuza, anifukuze nimesimama wima.

Msalimie sana shemeji, na wanao wabebe mgongoni kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, niliyejua tangu siku ile kwamba walinzi wale hawajawahi hata kukanyaga sebuleni.