Kibanda cha mpira Handeni

Baba, shikamoo. Najua mdogo wangu Rehema ndiye anayekusomea. Mwambie asiruke kitu.

Huku Handeni jua ni kali. Mahindi ya shangazi yamekauka na tunayapukuchua mchana kutwa. Jana alasiri nikamtoroka, nikaenda kibanda cha mpira kuangalia mechi ya kirafiki ya Senegal na Misri. Kabla haijaanza, ubishi mtupu: nani atabeba Kombe la Afrika? Muuza kahawa kaapa ni Moroko. Mfugaji mmoja, shuka begani, akasema Senegal, wale wana mbio. Nikangoja atokee mtu kama wewe wa kusema Tanzania. Hakutokea, nikasema mimi. Walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia.

Mpira ulipoanza, na mdomo wangu ukaanza: "Senegal wamevaa nyeupe, wanatokea kushoto. Huyo anapiga chenga, anamimina krosi, kipa kadaka!" Kibanda kizima kikanigeukia. Yule mfugaji akaniambia kwa upole, "Dada, sisi tunaona."

Nikanyamaza, na mechi ikanipotea hapo hapo. Tangu macho yako yaache kuona sijawahi kuangalia mpira kimya, baba. Kumbe siwezi tena.

Rehema asikutangazie, anachanganya kona na penalti. (Rehema, soma hivyo hivyo.) Niwekee nafasi kushoto kwako, kwenye sikio linalosikia vizuri. Siku Tanzania ikicheza, msiwashe redio hapo Kilole. Nakuja.

Binti yako,
Mwanaidi