Chokaa Juu ya Mistari Yako

Sadiki, fundi wangu,

Naanza na wewe kabla sijawafikia wengine, maana hasira yangu ina foleni ndefu. Mtu mzima unarudi ndani, maji yamefika kifuani, kwa sababu ya kuku! Kuku watano, tena mmoja hajawahi kutaga. Mie nimekumbatia nguzo ya umeme kama popo, nakuita, we unanijibu, "Nakuja, katibu, acha kelele." Maji yakapanda, ukuta wa nyuma ukakulalia. Kuku walikuwa wameshapanda juu ya bati zamani. Wapo mpaka leo. Yule asiyetaga ananiangaliaga kwa dharau, na mimi simlaumu.

Haya, hilo limetoka. Sasa habari za huku.

Mradi umekuja. Ule tulioulilia miaka yote, wewe ukisema utafika siku meno yangu yameisha. Yamebaki ya kutosha kula ugali, kwa hiyo ulikosea kidogo. Wanataka kuupanua mto wetu na kuujengea kingo za mawe, kuanzia chini ya Madale, kule mlimani, mpaka barabara kubwa. Walikuja kiangazi, mto umekuwa mchirizi wa maji ya kufulia, mbuzi wanavuka bila kulowa magoti. Vijana wamevaa vizibao vinavyong'aa, wana vishikwambi, na kile kidude cha kuruka na kupiga picha. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, waangalie ukutani maji yalifika wapi, wapime, wajue mto upanuliwe kiasi gani.

Hapo ndipo tulipojimaliza wenyewe.

Unawajua watu wetu. Siku mbili kabla hawajaja, uvumi ukapita: nyumba yenye alama ya maji juu ya dirisha inapigwa X nyekundu, inavunjwa, na fidia utaisikia redioni. Na nani wa kuwalaumu? X tulishapigwa zamani, tukakaa nayo sebuleni kama picha ya harusi, hakuna aliyerudi kutueleza lolote. Basi watu wakakimbilia chokaa. Duka la vifaa likaishiwa. Mtaa mzima ukawa mweupe kama kesho Idi. Wataalamu wakiuliza maji yalifika wapi, mtu anaonyesha kifundo cha mguu. Yule mzee wa kona, aliyeshinda juu ya paa siku ile amebeba godoro kichwani, kajibu bila aibu, "Hapa huwa panalowana tu, wanangu."

Na mimi? Mimi katibu wa kamati ya mto, mwalimu ninayewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo? Nilikuwa wa kwanza dukani.

Ngoja nikuambie lote, nisije nikakwama hapa. Nikiwa bado na brashi mkononi, mkeo aliniita. Ukuta wenu wa mbele bado umesimama, ule uliokuwa unauchora mstari wa bluu kila baada ya mafuriko, ukijisifu kwamba vipimo vyako hata serikali haina. Mstari wa mwisho niliuchora mimi, baada ya arobaini yako, kwa brashi yako, nikifuata tope lilipoishia. Shemeji akaniambia, "Wakivunja hapa naenda wapi na watoto?" Nilikuwa na chokaa tu. Nikaipaka mistari yako yote, Sadiki, mpaka ule wa maji yaliyokuua.

Mchoro umeletwa wiki hii. Nimeutandika kwenye meza ya ofisi ya mtaa, nikavaa miwani, nikaivua, nikaivaa tena. Kingo za mawe zinateremka vizuri toka juu, zinafika kwenye kona yenu, zinaisha. Sie wa chini tumeandikiwa kwamba hatuna historia ya mafuriko makubwa. Yaani maji yote ya Madale, wanakosakafia uani kwa matofali mpaka udongo haupati pa kunywea, yatakimbia kwenye mfereji mpya, laini, halafu yatufikie sie kwa kasi ambayo hata wewe hukuiona. Nyumbani kwako wamechora maji ya kifundo cha mguu.

Kifundo! Hivi hakuna hata mmoja aliyejiuliza huyu marehemu alizamaje kwenye maji ya kifundo? Msiba ulikuwa hapa, turubai lilifunga njia, viongozi walikuja na suti wakatoa pole. Kwa nini msije masika, mkanyage tope, muone? Mnakuja kiangazi mnauliza ukuta, na ukuta hauna mdomo!

Niliyasema haya kwa sauti, mezani pale, mpaka miwani ikadondoka. Injinia aliyeuleta mchoro, binti mdogo, ana adabu zake, akaniokotea. "Baba, shikamoo, sisi tumechora tulichokikuta." Nikataka kumfokea. Nikakumbuka kwamba alichokikuta nilikipaka mimi. Ukiwa hai ungecheka mpaka ukae chini. Mimi nikavaa miwani, nikainamia mchoro.

Jumamosi ni mkutano wa kuupitisha mchoro, na saini ya katibu inatakiwa. Mjumbe wetu wa nyumba kumi ameshanipitia. "Mwalimu, saini yaishe. Ukifumbua mdomo, X ya kwanza ni yako, ya pili ya mjane wa fundi." Hatishii, anasema kweli. Naogopa, ndugu yangu. Nyumba yangu ni vyumba vitatu na ufa, lakini ndiyo niliyonayo.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mkeo na brashi ya waya. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, nimefika yamenitoka yote, nikasema tu kwamba nataka kuitoa chokaa kwangu na kwamba sitagusa kwake bila ruhusa. Akaendelea kuchambua mchele. Halafu akainuka, akaleta ndoo ya maji. "Anza na kwangu. X nitabishana nayo, maji hayabishani. Na usugue vizuri, shemeji, chokaa yenyewe ulipaka kama unampaka mtoto poda."

Nimesugua mpaka mchana. Majirani wamepita, mmoja kaniita msaliti, mwingine kasema mwalimu amechanganyikiwa. Mzee wa kona kasimama kuutazama ukuta, kaondoka. Karudi na kisu cha kukunia kuta, kaanza na kwake.

Mistari imetoka, imepauka lakini inasomeka.

Sasa upumzike, fundi. Mungu akupanulie nafasi huko kulikokauka. Sikuombi msamaha leo, sijaufanyia kazi. Nakuahidi hivi: Jumamosi sitasaini. Nitasimama mbele ya watu niseme nilidanganya, mimi katibu, kabla ya yeyote. Halafu nitamshika mkono yule binti, nimlete mpaka kwenye ukuta wako, nimsimamishe chini ya mstari wa mwisho. Mstari wenyewe uko juu ya kimo chako, uko juu ya kimo changu. Itabidi anyanyue shingo.

Rafiki yako,
Mwalimu