Sikukaa Chini, Maitu

Maitu, mama yangu mpendwa,

Sikukaa chini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Leo nimekimbia mbio za mlima kutoka Naro Moru, nikapita mianzi, nikapita zile nyasi za matope ambapo mwaka jana niliketi nikalia mpaka watu wa mbio wakaja kunishusha. Safari hii nimepanda na kushuka kwa miguu yangu mwenyewe. Waliosema mama wa umri wangu atajiaibisha tena, waje waniulize sasa.

Unakumbuka msimu wa kahawa, tukitoka shambani kule chini mtoni kupanda hadi kiwandani Gakindu? Umefunga mzigo mgongoni, mukwa umekubana paji la uso, ule ukanda wa ngozi uliokuachia alama mpaka ukaenda nayo kaburini. Mimi niko nyuma na kamzigo kangu, sioni kitu ila visigino vyako vilivyopasuka, vimejaa udongo mwekundu. Wanawake wengine walipanda wakiimba nyimbo za kanisa. Wewe ulipanda ukigombana. Ulikigombeza kilima kwa sauti kama mtu aliyeuziwa maziwa ya maji.

"Wee kilima, umeniona mimi nani? Jana nilikupita. Leo nakupita. Na kesho utaniona."

Mimi nilikufa kwa haya. Nilikuwa naomba tusikutane na watoto tuliosoma nao. Watu walisema uko na kichwa ngumu, ati unapigana na mchanga, na wewe ukiwasikia ulizidisha sauti.

Siku moja nilichoka nikakaa chini katikati ya mwinuko, mzigo ukiwa bado mgongoni. Ndipo nikajua kwamba ukikaa hivyo huinuki. Mzigo unakuvuta nyuma, ukanda unakuvuta kichwa, miguu inarusharusha tu hewani. Nikanyoosha mkono uniinue. Hukuja mara moja. Ulikuwa umesimama kando ya barabara, pale udongo umekatwa ukabaki ukingo wa urefu wa kiuno, umeegemea mzigo wako hapo ili shingo ipate nafuu. Ukaniangalia.

"Mtu akiwa na mzigo anapumzika akisimama," ukasema. "Ukikaa, sasa unangoja mtu. Na kama hakuna mtu?"

Kisha ukaniinua kwa mkono mmoja, ukaendelea kukigombeza kilima palepale ulipokuwa umeachia.

Mwaka jana nilifuata ya kocha. Si kijana mbaya, alinifundisha mengi pale Nyeri mjini. Aliniambia mbio za mlimani zinashindwa kichwani kabla ya miguuni, na hapo hakukosea. Basi akanifundisha kufunga macho, kuvuta pumzi, kujiona nikivuka mstari wa mwisho, kuutabasamia mlima na kuushukuru. Nilifanya yote. Nilipofika kwenye nyasi za matope kichwa kilikuwa kinapasuka, kila hatua mguu unazama, hewa haitoshi. Nikaushukuru mlima. Nikatabasamu. Mlima ukaninyeshea barafu. Nikajiambia wacha nikae kidogo tu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbio yangu yote.

Nilipokuja kukuona wodini ulikolazwa, hukuniambia pole. Manesi walikuwa wamekuambia ulale, na wewe umesimama dirishani, mgongo ukutani.

"Ulikaa?"

"Nilikaa."

"Nani alikuinua?"

"Watu wa mbio."

"Mm. Basi utarudi."

Ndio hivyo tu. Ukageuka dirishani, maana asubuhi ile mlima ulikuwa haujajifunika mawingu, ukaanza kuugombeza kwa Kikuyu, kwamba umemkalisha msichana wako kwenye matope na utakuona. Mama wa kitanda cha pili alicheka huku ameshika mshono wa tumbo akikuomba unyamaze. Hukunyamaza. Ulikuwa umebaki mifupa na sauti, na sauti ndiyo ilikuwa kubwa.

Tulikuzika shambani kando ya mistari ya kahawa. Kabla shangazi hawajagawana vitu vyako, niliingia jikoni nikatoa mukwa wako kwenye msumari nyuma ya mlango. Sikuomba ruhusa ya mtu na sijutii. Wiki iliyofuata nilirudi kwenye kilima chetu, gunia la mahindi mgongoni, ukanda wako kichwani, nikaanza kupanda.

Kariuki alikuja kwangu amekasirika. Unamjua kaka yangu, akikasirika anaongea polepole.

"Mchanga wa mama haujakauka na wewe unarukaruka kwa mlima na suruali ya kubana. Watu wanaongea. Huwezi kaa chini uomboleze kama wengine?"

"Siwezi."

"Na ukikwama tena huko juu?"

"Nitakwama nikisimama."

Akaondoka bila kumaliza chai, na Kariuki si mtu wa kuacha chai. Tangu hapo kanisani ananipita kama mgeni. Nikamwacha. Walioongea nikawaacha waongee. Ningekaa kwenye ile sebule ya matanga wakinipigapiga mgongo, nisingeinuka mpaka leo.

Kwa hivyo niligombana. Mwanzoni nilinong'ona, nikiangalia nyuma kama kuna mtu. Baadaye nikapaza sauti, na watoto wa shule wakanicheka kama nilivyoogopa wangekucheka wewe. Nikajua ulichokuwa unafanya, Maitu. Mtu hawezi kugombeza na kujihurumia kwa wakati mmoja, mdomo ni huu mmoja. Tena ukigombeza lazima uvute pumzi, na ukivuta pumzi mguu unasonga. Kocha anaita hiyo kuandaa akili. Amekuja kuniona nikipanda, akasimama, akasema niendelee hivyo hivyo.

Leo pale kwenye matope nilitamani kukaa. Kulikuwa na jiwe kubwa kando ya njia, nikaliegemea kwa mgongo, nimesimama. Nikaangalia juu nikaanza. Nikauambia mlima kwamba mimi ni msichana wa yule aliyekuwa anautukana kutoka dirisha la hospitali, kama umemsahau. Nikauambia umemchukua mama yangu nikiwa bado namhitaji, na sitauheshimu tena. Najua si mlima uliokuchukua. Lakini ndio uliokuwa mbele yangu.

Pembeni kulikuwa na msichana wa Nairobi amekaa chini, viatu vizuri, macho mekundu.

"Mathe, unaongea na nani?"

"Na huyu," nikamwonyesha juu.

"Anasema nini?"

"Hana la kusema."

Akacheka. Nikampa mkono, akainuka, tukaenda naye mpaka tukaanza kushuka. Sijui hata jina lake.

Mwisho wa mbio ulikuwa pale msitu unapoishia. Kariuki alikuwa amesimama kando ya pikapu yake, amevaa koti la kanisa, termosi mkononi. Hakuna aliyemwita. Aliniangalia matope yote hayo, kutoka viatu mpaka nywele.

"Umechelewa," akasema. "Chai inapoa."

Akanifungulia kiti cha kukunja. "Kaa."

Nikakataa. Nikainywa nikiwa nimeegemea gari, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, akalazimika kujifuta macho kwa mkono wa koti. "Wewe ni yeye kabisa," akasema. Akakunja kiti akakirudisha kwenye gari, akaniegemea begani, tukanywa chai tukiwa tumesimama wote wawili.

Nimekukosa, Maitu. Nimekukosa mpaka inaniuma kwenye meno. Tangu tukuzike sijakaa kwenye kaburi lako hata mara moja. Nakuja, nasimama, naondoka, na watu wanasema moyo wangu ni jiwe. Walikuwa hawajui kwamba nilikuwa bado kwenye mwinuko.

Sasa nimeumaliza. Kesho baada ya kanisa nakuja hapo kwenye kahawa. Nitakaa chini kabisa, kwenye udongo wako, na huu mzigo wote mgongoni, na nitakulilia kwa sauti ambayo hata wewe hukuwa nayo. Na nikishindwa kuinuka, usihangaike. Kariuki amesema atakuja na mimi.

Kwaheri ya leo tu.

Ni mimi, msichana wako wa mwisho,
yule wa nyuma ya visigino vyako.