Kamba Juu ya Kisima

Jumamosi, Oktoba. Jua la Hombolo leo halikuwa na huruma, na upepo umenijaza vumbi hadi kwenye kope. Nimerudi nimechoka, lakini moyo ni mwepesi. Nashukuru.

Leo tumegawana shamba la zabibu, mimi na Yona, baada ya ndoa yetu kuvunjika.

Vitu vya ndani havikututesa. Yeye kachukua pikipiki, mimi friji na kabati, na sufuria hakuzitaka. Shamba ndilo lililoninyima usingizi, maana bila hilo sina pa kushika. Tulilinunua pamoja, tukalipanda pamoja, ila hati ina jina lake, na wiki zote hizi alikuwa akinikumbusha. Baraza la kata likamwambia kilichochumwa pamoja hugawanywa, hata kama jina ni la mmoja. Akakubali kwa shingo upande.

Lakini mpaka upite wapi? Hapo tulikwama. Kisima kiko upande mmoja, na huku kwetu shamba lisilo na maji ni malisho ya mbuzi tu.

Aliyetukwamua ni mama yake. Anaishi ng'ambo ya uzio wa minyaa, kando ya shamba. Nilimwogopa, kwa kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwangu anayekata nyama huchukua wa mwisho. Yona, wewe kata. Mama Neema atachagua."

Yona akaivuta kamba. Mara ya kwanza aliacha kisima na mizabibu mikongwe, ile inayozaa sana, upande mmoja. Mama akamuuliza taratibu, "Na mwenzio akichagua huo?"

Akaihamisha. Akasimama, akakuna kichwa, akaihamisha tena. Nilitaka kucheka nikajizuia. Mwanaume mzima anahangaika na kamba kama aliyefunga mbuzi mkorofi. Mwishowe ikapita juu ya kisima chenyewe, na mizabibu mikongwe ikabaki huku na huku.

Likabaki deni la pampu. Tulikopa kwenye kikoba changu, na nilijua nitaambiwa nipambane nalo mwenyewe, maana mwanachama ni mimi. Yona hakuniangalia. Alikuwa anakunja kamba. "Maji tunateka wote," akasema. "Nusu ya marejesho nitaleta mimi."

Nimelia kidogo, na wala si kwa uchungu.

Huyu ndiye yule yule niliyeshindwa kuishi naye. Sirudi, na yeye hataki nirudi. Lakini leo amenitendea haki mbele ya mama yake, na sitaki chuki inisahaulishe hilo. Jumatatu tutayapeleka makubaliano mahakamani yaandikwe.

Zamu yangu ya kuchagua ilipofika, kwa maji na kwa mizabibu pande zilikuwa sawa kabisa. Nikachagua ule wa kwenye minyaa. Yona akashangaa, kwa sababu upande niliomwachia ndio ulio karibu na barabara, na magari ya kubeba zabibu hupita huko.

Wakati naondoka, mama yake aliniita kutoka ng'ambo ya uzio. Akaniuliza nakuja lini kupogoa, ili siku hiyo anipikie mlenda. Akaniita mwanangu, kama siku zote.

Na mimi nilidhani talaka itamchukua na yeye.

Njia nzima nimejiuliza: leo nimechagua shamba, au nimechagua jirani?